Dola Muzima ya Daktari

Rafiki yangu, wewe mwenye ninaweza kukuachia mufuko wangu wa pesa nikaenda choo, keti hapa. Kwa mupaka ya Bwera, kati ya sisi wenye tulikuwa tunachenji pesa, hiyo ndiyo ilikuwa kipimo ya rafiki. Mutu anaweza kukusalimia kila asubuhi, anaweza kukaa benchi moja na wewe kanisani, lakini tumbo ikikuuma na unabeba mufuko yote mupaka chooni, basi huyo bado haiko rafiki. Kwa miaka kumi na saba nilikuwa na mutu mumoja tu wa kuachia. Leo ninakuachia wewe, juu pesa haimo tena. Imo hii habari tu.

Na nyinyi wote, wasichana wenye mumeanza kuketi na meza pale karibu na daraja, munaniita "mama wa Daktari" halafu munacheka. Ninasikia. Munanisimamisha njiani nikitoka misa: "Mama Biira, ni kweli ulimuona na macho? Ni kweli mikono yake ilikuwa laini kama ya mutoto?" Munataka Daktari. Kila mutu anataka Daktari. Mimi ninataka kuwaambia juu ya Kahindo, mama wa mawese, mwenye alifungwa ngʼambo juu ya noti mbili yenye nilimupa na mukono hii. Lakini najua Kahindo hamutamusikia kama sijapitia kwa Daktari. Basi nipite. Kuandika nilijifunzia jioni, parokiani, mutoto mugongoni, kwa hivyo mahali nitapotea mungoje, nitarudi.

Munajua vile watu wa ngʼambo ya daraja, upande wa Beni, beko na dola. Shilingi yetu inaweza kuwa imechoka, imepigwa mvua, imelala ndani ya sidiria ya mama wa samaki wiki mbili, bado tunaipokea, tunainyoosha, maisha inaendelea. Dola hapana. Dola ikipasuka kidogo kama ukucha ya mutoto, ngʼambo hawaitaki. Wanakurudishia na vidole mbili kama kitu yenye inaambukiza: "Hii iko mugonjwa." Mutu anaweza kulala njaa na dola ishirini kwa mufuko, juu imepasuka kwa pembe. Mupaka leo sielewi. Ni pesa ya kweli, wenyewe wenye waliitengeneza hawajaikataa, lakini hapa kwetu ni mugonjwa. Sisi tulikuwa tunainunua kwa bei ya mugonjwa, tunaifinya ndani ya kitu nzito inyooke. Mimi niliweka ndani ya Biblia, kwa Zaburi, juu Zaburi iko katikati na inafinya sawasawa pande mbili.

Mwenye alinifundisha kazi ni mama Masika. Zamani alipika kwa kambi ya jeshi, akaacha sufuria lakini maneno ya huko hakuacha. "Wewe, funga macho. Shika. Sema." Alikuwa anaweka noti tano chini ya leso, mukono yangu inaingia, macho yangu inabaki inje. Nikikosea ananigonga vidole na mwiko. "Macho iko mujinga," alisema, "inapenda kitu safi. Kidole haipendi kitu. Shika kola ya koti ya ule muzee." Kila noti ya dola iko na muzee wake, na kwa ile ya kweli kola ya koti yake inakwaruza kidogo, kama ndevu ya mutu mwenye alinyoa jana. Wasichana, hiyo ninawapa bure. Taa, mashini, yote ni vizuri, lakini umeme ikienda mutabaki na kola.

Miezi tatu, vidole yangu ilijua. Tena ilijua sana mupaka ikaleta kiburi. Siku moja muzee wa kutoka Mahango alileta dola kumi, nikashika, kola kimya. Nikamuambia mbele ya watu, "Muzee, hii ni feki." Akaitupa chini, akaondoka. Masika aliichukua kwa ule mwenye aliokota, akainusa. "Hii imekaa na karanga," alisema. "Mafuta imejaza kola. Umefukuza mutu na pesa yake ya kweli." Alinituma Mahango na miguu, kupanda mulima, niombe musamaha. Nilifika nimelowa jasho, muzee akanipa maji na kuniuliza: "Sasa ni ya kweli juu umesema, ama ilikuwa ya kweli tangu asubuhi?" Mupaka sasa ninaizunguka ile swali.

Masika kusoma hakujua. Noti yake aliweka alama na ukucha. Mimi nilipoanza masomo ya jioni na kujua herufi na namba, alifurahi kunipita. "Sasa wewe umesoma. Mutu akichukua noti yako dakika moja tu, hata akiwa padri, andika namba yake kwanza. Ikirudi, soma." Nikasema ndiyo mama. Kuandika nilijua. Nikaona uvivu.

Sasa Daktari. Alikuwa Kasese, upande wa Nyamwamba, chumba ndogo nyuma ya fundi wa nguo. Kazi yake ilikuwa kutibu dola mugonjwa. Mutu mufupi, kikohozi, miwani imefungwa na uzi wa cherehani. Mikono? Mikono ya kawaida, yenye kucha chafu. Samahanini. Kila Jumamosi nilipanda gari kutoka Bwera na wagonjwa yangu ndani ya Zaburi. Anawapokea moja moja kwa kitambaa, anatikisa kichwa. "Huyu ameteseka. Huyu alipigwa. Mama, uliwachelewesha." Tunacheka. "Rudi Jumamosi ingine, watakuwa wanatembea." Na kweli, Jumamosi ingine wanatembea. Nilitafuta mahali ya mupasuko nikakosa.

"Daktari, kidonda iko wapi?"

"Mama Biira, wewe ukipona malaria, unaonyesha watu kidonda?"

Nilimulipa, nikamuambia wasingya, asante yetu ya Kikonzo. Tena nilienda kwa padri nikaomba misa, nia yake: mikono ya fundi mumoja wa Kasese. Padri alisoma hiyo nia kwa sauti mbele ya kanisa yote. Mungu anisamehe, na mikono ilizidi kufanya kazi.

Masika ndiye alishuka moyo. Wakati huo mguu yake ilikuwa imevimba, amekaa nyumbani, nikamupelekea noti moja aone. Alifunga macho akashika muda murefu.

"Hii iko muzima sana," alisema.

"Si ni vizuri, mama?"

"Mimi najua watu wenye walipona. Wanabaki wanachechemea kidogo."

Nilifikiri ni wivu ya uzee. Kola ilikuwa inakwaruza, nilishika mimi mwenyewe.

Halafu Jumatatu moja polisi wakamukamata Daktari. Walimutoa nyuma ya fundi wa nguo mbele ya watu, na ndiyo tukajua: zamani kidogo Daktari alikuwa ameacha kutibu, akaanza kuzalisha. Mugonjwa wako anabaki naye, juu yeye alijua mahali ya mbali kwenye watu hawajali mupasuko. Wewe anakupa mutoto muchanga, feki ya kutengeneza mwenyewe. Alifanya aje, sijui, musiniulize. Na sisi tulimupenda juu watoto yake ilikuwa mizuri kuliko ya kweli. Ya kweli imepasuka, inakataliwa. Ya Daktari iko safi, inapokelewa na mikono mbili. Munaona vile kichwa yangu inazunguka?

Kasese ilipata wazimu. Siku ya kumupeleka kortini watu walifunga duka. Kuna mama mwenye alimubebea kuku. Mumoja alisema alisoma Ulaya, mwingine alisema hakumaliza darasa ya ine, mwingine alisema serikali imupe ofisi. Jina yake ya nyumbani ikajulikana, Baluku, na munajua vile sisi Wakonzo tunaita watoto kufuatana na kuzaliwa, Baluku beko kila mulango. Wiki ile kila Baluku wa Kasese alinunuliwa soda.

Kwetu Bwera mwenye alishikwa zaidi na huo wazimu ni Thembo, mubeba mizigo, mutu wa kuongea mupaka anasahau mzigo kichwani. Alitoa shilingi elfu kumi ya kweli kununua noti ya uongo, akaiweka kwa nailoni, anaonyesha watu.

"Mama Biira, angalia hii kazi. Hata nyusi ya muzee."

"Thembo, ulilipa pesa kununua kitu yenye haina bei."

"Ya kweli kila mutu ako nayo. Hii iko na fundi."

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nilifungua Zaburi nyumbani, nikafunga macho, nikashika kola moja moja. Ingine nilijua. Ingine sikujua. Nilishika tena mupaka vidole ikakuwa kama imekufa ganzi. Nikasema, Bwana, wewe mwenye unatenganisha kondoo na mbuzi, hii ni nini? Noti zote nikazifunga kwa kitambaa, nikaacha kuzichenji. Lakini mbili ilikuwa imekwisha kwenda. Kahindo alikuwa ameichukua siku tatu kabla ya Daktari kukamatwa.

Kahindo ni mama wa upande wa Beni, alikimbia na watoto watatu, akapanga chumba Bwera karibu na mashini ya kusaga. Alikuwa ananunua mawese ngʼambo, anauzia huku. Aliniita yaya, dada mukubwa, na ndiye ule mutu mumoja wa mufuko na choo. Ile siku alikuja na shilingi zake akaniambia: "Yaya, unipe ya muzima. Ule mutu wa mawese anakataa hata ile yenye kukunjwa." Nikamupa hamsini mbili, nzuri sana. Nilimuambia, "Hii hata malaika atapokea." Maneno yangu hayo.

Ijumaa Thembo alikuja na mbio, bila mzigo. "Mama Biira, unajua ule mama wa mawese? Wamemufunga jana. Noti mbili, dola hamsini. Mashini imekataa. Wanasema ni za Daktari." Halafu akaongeza, macho inangʼaa: "Zilipita mikono tatu kabla ya mashini. Tatu."

"Alisema alipata wapi?"

"Hajasema kitu. Amekaa chini, ananyamaza."

Wasichana, hapa ndipo ninaona haya. Ningesimama saa ile. Daraja ilikuwa mbele yangu, ninaiona. Sikusimama. Nilifikiri: kila Jumamosi nilionekana nyuma ya fundi wa nguo. Padri alisoma nia kwa kanisa. Nikienda watasema mimi ndiye ajenti wa Daktari kwa mupaka, na watoto yangu watabaki na nani? Jumamosi nilipeleka maharagi kwa watoto ya Kahindo. Ule musichana mukubwa akauliza, "Shangazi, mama iko wapi?" Nikasema, "Amechelewa na mawese." Hiyo ilikuwa uongo, hiyo ninaijua vizuri, ninaiweka hapa.

Jumapili nilitoka misa. Nikaenda kwa Masika, nikamuambia yote.

"Amekutaja?" aliuliza.

"Hapana."

"Siku tatu?"

"Hata siku moja."

"Basi unangoja akutaje, uende kama mufungwa? Ama utaenda kama mama?" Halafu akageuza uso kwa ukuta. "Toka. Songa."

Jumatatu asubuhi nilivuka. Nilibeba dola mia moja ya kweli, mugonjwa kidogo lakini ya kweli, ya kurudishia mutu wa mawese, na rozari. Thembo alinifuata, hakuna mutu alimuita. Kituo ya polisi ilikuwa nyumba ndogo, mulango wazi, watu wamejaa kuangalia, na mutu wa mawese kati yao. Kahindo alikuwa chini kwa saruji, kitenge imefunika magoti. Aliniona, akatikisa kichwa kidogo: rudi. Sikurudi.

"Komanda, bonjour," nilisema. "Ile noti nilimupa mimi. Yeye haiko na kosa."

Komanda alikuwa mutu mutulivu, anakula muhindi ya kuchoma. "Wewe njo nani?" Kwao ndiyo yetu ni njo.

"Mimi ni Biira. Ninachenji pesa Bwera."

"Miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba. Na ulimupa ya bongo, ya uongo. Ulijua?"

"Sikujua."

"Kambiste, muchenji pesa wa miaka kumi na saba, hakujua." Aliwaangalia wale wa mulangoni, wakacheka. "Mama, unaniona miye mutoto? Ulijua, ukamupa huyu mukimbizi juu hana mutu. Ama huyu alijua, munaigiza hapa. Moja kati ya hizo."

Alifuta mikono, akafungua droo. Akatoa noti moja ya Kahindo, akatoa ine kutoka mufuko wake mwenyewe, akazichanganya chini ya meza, akapanga tano mbele yangu, nyuma ikiangalia juu. "Moja njo ya Daktari. Onyesha. Ukiijua, basi hata siku ile ulijua, utabaki hapa na huyu. Usipoijua, tutaona."

Nilielewa vile alisema. Ninawaambia ukweli, nilielewa. Nikaomba: Bwana, vidole iseme. Nikafunga macho, nikaingiza kidole chini ya kila moja, kwa kola. Ya kwanza inakwaruza. Ya pili inakwaruza. Ya tatu laini, imechoka, kimya kabisa. Ya ine inakwaruza. Ya tano inakwaruza. Kwa roho yangu kulikuwa kelele kama soko ya Ijumaa. Nikafungua macho.

"Ya tatu," nilisema.

Komanda aliigeuza, akaangalia, akaanza kucheka mupaka muhindi ikamutoka. "Mama, hii ni mushahara yangu. Hii nililala nayo mwezi muzima." Mulango yote ikacheka. Thembo alishika kichwa. Komanda akageuza ya ine, akanionyesha alama ndogo ya kalamu yenye alikuwa ameweka kwa pembe. "Njo hii."

Alirudisha ine yake kwa mufuko. Halafu akasema, bila kucheka: "Kama mama wa miaka kumi na saba anashika na haijui, huyu wa mawese angeijua wapi. Mutoe." Aliandika jina yangu, akabakisha zile noti mbili. Mutu wa mawese alipokea mia yake, akalalamika juu ya mupasuko, komanda akamukazia macho, naye akaiweka mufukoni.

Kwa daraja Kahindo alitembea polepole, miguu imekaza juu ya saruji ya siku ine. Thembo alikuwa mbele, mbio, anawahi kusimulia. Mimi nilianza kulia, nikamuomba musamaha ya zile siku tatu. Tulipofika katikati akasema:

"Yaya, ile ya ine uliishika mara mbili."

"Niliishika mara mbili?"

"Mara mbili. Njo ukarudi kwa ya tatu."

Mimi sikumbuki kurudi. Nimefunga macho nyumbani, nimejaribu kukumbuka, kidole inaniambia ndiyo, kichwa inaniambia hapana. Kama nilikosea kweli, basi miaka kumi na saba nilikuwa ninagawia watu nini? Na kama nilijua, nilidanganya mbele ya Mungu na rozari mukononi. Ninataka iwe moja, yoyote, nipumuzike.

Jua ya saa sita haikufika, Bwera yote ilikuwa inajua mama Biira ameita mushahara ya komanda feki. Nilikaa kwa meza yangu wiki mbili. Watu walinisalimia vizuri, wakaenda meza ingine. Mama mumoja alisimama, akatoa dola, akaiangalia, akairudisha: "Nitapita baadaye, mama." Sikumulaumu. Nilikunja meza nikaiuza kwa fundi wa viatu. Sasa ninaoka mandazi, na hata pale watu wananiuliza juu ya mikono ya Daktari.

Kwa padri nilienda. Nilipiga magoti, nikamueleza yote. "Ulidanganya?" aliuliza.

"Sijui, Padri."

"Mwanangu, siwezi kuondolea mutu dhambi yenye hajui kama alifanya. Rudi ukijua."

Nilitubu ile ya watoto, na ile ya siku tatu. Hiyo ingine ninatembea nayo bado. Tena kuna ingine ndogo: siku moja Thembo alinionyesha tena noti yake ndani ya nailoni, na moyo yangu ilisema, kazi nzuri. Na Daktari huyo ndiye alimulaza Kahindo chini siku ine. Vipi mutu anaweza kusikia zote mbili? Mwenye anajua aniambie.

Kahindo bado anauza mawese. Hanichukulii dola, juu sina. Lakini Jumamosi iliyopita alifika kwa mandazi, akaweka mufuko wake kwa mapaja yangu, akaenda choo, nyuma ya nyumba.

Basi, nyinyi wenye muko na meza, andikeni namba, hata ya daktari, hata ya padri. Na watu watakuja kuwauliza habari ya Baluku wa Kasese, watavuta kiti, watataka nyusi ya muzee na miwani ya uzi. Muwape, lakini baadaye. Muanze na Kahindo. Museme kulikuwa mama wa mawese mwenye alikaa kwa saruji siku ine na jina ya mutu ndani ya mudomo, na hakuitoa. Muwaambie wasichana wa ngʼambo, muwaambie wale watakuja nyuma yenu, na wao wawaambie wengine. Wakiuliza kama mama Biira alidanganya, museme yeye mwenyewe hajui. Lakini Jumatatu ile, mbele ya jua kuingia, Kahindo alikuwa amefika kwa chumba chake, amekoroga bundu, ugali yetu ya muhogo, na watoto watatu walikuwa wananyoosha mikono kwa sahani moja.